Mkebe wa Bi Kache

Nataka lijulikane mapema, kabla sijafika mahali pa kumsifu: Bi Kache alinichosha. Alinichosha kwa miaka minane mfululizo, tangu siku niliyoajiriwa kuwa msaidizi wa fundi katika kiwanda cha mafuta ya nazi pale Msambweni, mpaka Desemba ya mwaka 1965 ninayotaka kuieleza. Alikuwa msafishaji wa jumba la mitambo. Na kusafisha kwake hakukuwa na mpaka.

Nikiandika vipimo kwa chaki juu ya meza yangu ya kazi, nikaenda kunywa chai, nikirudi sikuti kitu. Nambari za mapipa alizifuta. Grisi niliyoipaka kwenye bawaba za mlango aliitoa yote, akazisugua bawaba mpaka mlango ukawa unalia kila ukifunguliwa, kisha akaja kuniuliza mbona mlango unalia. Nilimweleza kwa upole, nikamweleza kwa ukali, nikamweleza kwa kumchorea ukutani. Mchoro nao aliufuta.

Alikuwa Mduruma wa Kinango, huko ambako kutafuta mtungi mmoja wa maji ni kazi ya asubuhi nzima. Watu wa kule hawaoshi sufuria kwa maji ya kunywa. Huisugua kavu, kwa jivu na mchanga uliochekechwa, kisha hupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Alipofika kwetu akakuta makumbi ya nazi yamejaa uani, akayapenda kuliko kitambaa. Nilimwambia sijui mara ngapi kwamba hapa tuna visima na mfereji, atumie maji kama watu wengine. Alinijibu kuwa maji huleta kutu, na kwamba sisi wa pwani tunaosha vyombo kivivu. Kuhusu kutu alisema kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Alikuja kiwandani mwaka 1954, mumewe alipofariki na ukame ulipomaliza ng'ombe. Kaka yake Shutu alimuaga kwa kejeli, akamwambia atarudi kabla mahindi hayajaota, na kwamba akirudi asipige hodi kwake. Hakurudi. Alipewa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, na humo ndimo alimomlea binti yake, Sidi, mpaka akaolewa Mkongani. Hakuwa na shamba wala nyumba nyingine. Kile chumba na ile kazi ya kusugua ndivyo vilivyosimama kati yake na mlango wa Shutu, na sote tulilijua hilo.

Mwaka 1962 kampuni ilileta mtambo mpya wa umeme. Upya wake ulikuwa kwetu tu, maana ulikuwa umekwisha kutumika kwingine. Haukuwa na pistoni kama injini yetu ya dizeli. Ulivuta hewa, ukaibana, ukaichoma pamoja na mafuta, na upepo ule wa moto ukasukuma gurudumu lenye mapanga mengi. Ukiwashwa ulinguruma kama ndege inayotaka kupaa, kwa hiyo sote tuliuita Ndege.

Moto wa Ndege uliwaka ndani ya mikebe sita ya chuma, kila mmoja na urefu wa mkono wa mtu mzima. Mhandisi Mzungu aliyetufundisha alinionyesha ndani ya mmoja wao mpako mweupe, mwembamba kama ganda la yai. Alisema moto wa humo unaweza kukiyeyusha chuma, na kinachokiokoa ni hewa inayopita nyuma yake pamoja na huo mpako, ambao ni wa namna ya kauri iliyochomewa hapo hapo juu ya chuma. Mpako hulirudisha joto lilikotoka, kama paa lililopakwa chokaa linavyolirudisha jua, na joto linalobaki hulichelewesha lisipenye. Mpako ukitoka, mkebe utatoboka; mkebe ukitoboka, vipande vyake vitaingia kwenye mapanga, na hapo Ndege imekufa pamoja na yeyote aliyesimama karibu. Maneno hayo niliyashika kama sala.

Mwaka uliofuata mkebe mmoja ulipasuka ukingoni. Mhandisi aliutoa, akaweka wa akiba, na ule mbovu akautupa kwenye lundo la vyuma vikuukuu. Baada ya siku mbili haukuwapo. Sikujishughulisha kuuliza.

Mwaka 1964 mhandisi alirudi kwao, nami nikakabidhiwa Ndege. Karani mkuu, Bwana Mwinga, akawa meneja, mtu wa kwanza wa kwetu kukalia kiti kile. Tulimshangilia kwa mioyo yetu yote. Alikuwa mwadilifu na mchapakazi, ila alikuwa na haraka, kana kwamba kuna mtu nyuma ya mlango anayesubiri kumwambia hawezi.

Ilipofika Oktoba 1965, mpako wa mikebe yote sita ulikuwa umeanza kupasukapasuka. Kitabu cha mtambo kilisema ipelekwe ng'ambo kwa waliouunda. Hiyo ni miezi mitano. Bwana Mwinga alikuwa amekwisha kualika wageni kutoka Kwale na Mombasa waje siku ya Jamhuri kuiona Ndege ikiendeshwa na wananchi wenyewe. Akatokea mwenye karakana mmoja wa Mombasa aliyesema kazi hiyo ataifanya kwa wiki tatu. Nilimwambia meneja sijapata kusikia kuna mashine ya kazi hiyo Mombasa. Alinijibu kwamba tabia ya kutowaamini watu wetu ni ugonjwa tulioachiwa na wakoloni. Hapo ningeendelea kubisha. Sikuendelea, na mpaka leo najilaumu.

Mikebe ilirudi baada ya siku kumi na tisa, myeupe, inapendeza macho. Niliipokea, nikatia saini. Sikuijaribu kwa chochote. Nilijiambia sina kipimo, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kujua.

Jumatatu ya wiki ya sherehe niliipanga mikebe juu ya magunia kwenye baraza ya jumba la mitambo, nikawakusanya wafanyakazi na kuwaambia asiiguse mtu. Wote waliitikia. Bi Kache hakuwapo. Alikuwa matangani Kinango. Alirudi Jumanne asubuhi na mapema, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Bwana Mwinga, aliyemwambia kuwa wageni wanakuja na anataka kila chuma kilichopo kwenye baraza ile king'ae. Mtu wa kumwambia Bi Kache maneno hayo alikuwa hamjui Bi Kache.

Mimi nilikuwa stoo. Nilipotoka nilimkuta amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mkebe wa nne ameubana kati ya magoti, na kumbi mkononi. Mitatu mingine ilikuwa imesimama pembeni yake, inameta ndani na nje kama masufuria ya harusi. Vumbi jeupe lilikuwa limetapakaa kwenye leso yake yote.

Sikumwamkia. Yeye ni mtu wa makamo ya mama yangu, na kwa miaka minane sikuwahi kupita mbele yake bila shikamoo, lakini siku ile nilianza moja kwa moja kwa kelele. Watu walikuja mbio kutoka kwenye mashinikizo ya mafuta. Nilimwambia ameua Ndege. Nilimwambia miaka yote hiyo haijamfundisha tofauti ya mtambo na chungu cha ugali. Yeye alinyanyua kidole chake cheupe, akaniambia taratibu:

"Mwanangu, hii ilikuwa inatoka kwa kidole. Wa kwangu hautoki."

Sikuelewa anasema nini, na sikutaka kuelewa. Nilikuwa nimeshiba mambo yake. Nikamwambia mbele ya watu wote:

"Nyamaza. Wewe ni mharibifu, Bi Kache."

Alisimama, akakung'uta leso, akaondoka. Kumbi aliliacha pale pale kwenye mkeka. Sikumbuki siku nyingine hata moja aliyoacha kitu sakafuni.

Mchana ule tuliitwa ofisini. Bwana Mwinga alikwisha kumpigia simu mwenye karakana, naye akajibu bila kusita kwamba mpako wake haukuwa na kasoro, ila mwanamke ameuloweka kwa maji na sabuni, na maji yakapenya chini yake. Jibu hilo liliandikwa. Kisha nikaulizwa kama mikebe ilifika ikiwa mizima. Nilijibu ndiyo, upesi kuliko ilivyohitajika, maana saini iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa yangu. Bi Kache alipoulizwa ana la kusema, alisema jambo moja tu, kwamba hakutumia maji. Bwana Mwinga alimwambia hilo si swali. Akaamriwa kuacha kazi na kukitoa chumba kabla ya Jumamosi jioni.

Na mimi niliyemsikia akisema hakutumia maji, niliudhika tu. Niliona ni yale yale ya kila siku, Kinango na maji, maji na Kinango. Kichwa changu, kichwa cha fundi mkuu wa mtambo, kiliyasikia maneno mawili yanayopingana katika chumba kimoja na hakikuuliza lipi la kweli. Nikifikiria hilo natamani kujizaba kofi.

Ijumaa alasiri nilitumwa chumbani kwake na karatasi ya kuachishwa kazi ili aweke alama ya kidole. Nilipiga hodi, nikamwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni aibu nzito kuliko tusi, nami niliistahili, lakini niliingia nikiwa na hasira bado. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa ndani ya magunia mawili. Yeye alikuwa amekaa chini anasugua jiko lake la makaa kwa jivu na mchanga.

Nilichoka kabisa. Nikamwambia, hata leo, Bi Kache? Hata leo? Alisema hawezi kumpelekea Shutu uchafu mlangoni, atapata la kusema. Kisha akaligeuza jiko ili amwage majivu, na mwanga wa mlangoni ukaingia ndani yake.

Ndani lilikuwa jeupe. Si weupe wa chokaa. Weupe wa maziwa yaliyokaa, umetulia, umeshikamana na chuma. Ukingoni palikuwa na ufa nilioujua kama ninavyoujua mkono wangu. Ulikuwa ule mkebe wa Ndege uliopasuka.

"Umeupata wapi huu?" nilimuuliza.

"Kwenye lundo. Nilimwomba yule Mzungu, akacheka, akanipa."

"Na unausugua?"

"Kila asubuhi, huu mwaka wa tatu. Masizi yanatoka, weupe hautoki. Nilikuambia wa kwangu hautoki. Ile mingine niliifuta vumbi tu, ikaniachia chokaa mkononi. Nikasema hawa wamepaka chokaa ili wageni waone vyeupe, na meneja ameniambia ving'ae. Basi nikaitoa."

Nilikaa kizingitini. Kauri iliyochomewa juu ya chuma haitoki kwa kumbi la nazi, wala kwa jivu, wala kwa mchanga, na kama moto wa Ndege haukuitoa, angeitoa vipi mwanamke mmoja kabla ya saa ya chai? Mwenye karakana alikuwa ametupakia chokaa na gundi. Mimi ndiye niliyetakiwa kuligundua hilo, na ningeligundua kwa kidole gumba tu, siku ile ile niliyotia saini. Badala yake aliligundua yeye, nikamtukana kwa kuligundua. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto.

Nilimwomba lile jiko. Alinipa, akasema lirudi likiwa safi. Nikapita kwenye baraza nikachukua na mmoja wa mikebe miwili ambayo hakuwahi kuigusa, nikaviweka vyote viwili juu ya meza ya Bwana Mwinga, juu ya orodha yake ya wageni. Ule mpya niliupitisha kidole, nikamwonyesha kidole. Jiko nilimwambia alikwaruze mwenyewe. Alilikwaruza kwa ufunguo wa ofisi, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Weupe ulikaa. Nilimweleza ambacho kingetokea Jumapili, siku ya Jamhuri, kama tungeifunga mikebe ile na kuiwasha: mpako ungekuwa moshi mbele ya wageni, mikebe ingetoboka baada ya siku chache, na mtu ambaye angekuwa amesimama kando ya Ndege siku hiyo ni mimi. Bwana Mwinga aliutazama ule mkebe wa chokaa kama mtu aliyemfumania ndugu yake akiiba.

Kisha akaniambia niandike barua ya kumrudisha Bi Kache kazini, yeye ataitia saini. Nilikaa nikaiandika kwa Kiswahili changu kizuri, nikaweka na huruma ya uongozi, nikaweka na utumishi wake wa muda mrefu. Niliona nimemtendea wema mkubwa.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea barua pamoja na jiko lake. Magunia yalikuwa mlangoni. Nilimsomea kwa sauti, na nilipomaliza nilingoja afurahi. Alikuwa anakagua jiko.

"Soma tena pale pa katikati," alisema.

Nikasoma: kwa kuwa uongozi umekusamehe, unarudishwa kazini kuanzia Jumatatu.

"Nimesamehewa kosa gani, Sefu?"

Niliikunja barua, nikarudi nayo ofisini, na njiani nilimkasirikia yeye kwa ubishi wake, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana neno lile niliandika mimi na halikunikwama popote. Bwana Mwinga alipandisha sauti. Mwanamke huyu anataka nini tena? Kazi amerudishiwa, chumba amerudishiwa. Meneja akiandika kwa mkono wake kwamba amemkosea msafishaji, kesho nani atamheshimu? Nilimwambia basi, mimi si meneja.

Jumamosi kazi huisha saa sita. Watu walipokusanyika kwenye baraza kabla ya kutoka, nilipanda juu ya ngazi ya jumba la mitambo na kipande cha karatasi. Bi Kache alikuwa getini na magunia yake, anamngoja mtu wa mkokoteni. Nilisoma kwa sauti ile ile niliyomtukania. Nilisema kwamba mikebe ilikuwa imepakwa chokaa. Kwamba niliipokea mimi, nikatia saini bila kuijaribu. Kwamba nilipoulizwa nilijibu kujikinga. Kwamba hapa kiwandani alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kazi yake siku ya Jumanne, na huyo nilimwita mharibifu. Mkosaji ni mimi, Sefu Abdalla. Nikatia saini palepale mbele yao, kwa sababu saini ndiyo iliyoanzisha balaa lote.

Bwana Mwinga alikuwa dirishani. Alinitazama, kisha akalifunga dirisha bila kelele. Bi Kache alikuja polepole mpaka chini ya ngazi.

"Kuna kitu umekisahau," alisema.

Nilijua ni kipi. Nilishuka ngazi.

"Shikamoo, Bi Kache."

Aliniacha nisimame hapo kidogo, mbele ya wote.

"Marahaba, mwanangu."

Jumapili wageni walikuja wakaonyeshwa injini ya zamani ya dizeli, iliyotoa moshi na kuzima mara mbili. Bwana Mwinga aliwaambia Ndege iko matengenezoni, na huo haukuwa uwongo. Jumatatu niliikuta mezani kwangu karatasi yenye saini yake na mstari mmoja: Bi Kache anaendelea na kazi. Neno la kusamehe halikuwamo. Mikebe ilikwenda ng'ambo, ikarudi Mei, na kabla sijaipokea nilimwita Bi Kache aje na jivu, mchanga na kumbi. Aliisugua yote sita, mmoja baada ya mwingine, asubuhi nzima. Haikutoa hata unga. Ndipo nikatia saini. Utaratibu huo haumo katika kitabu cha mtambo, na niliufuata mpaka siku niliyostaafu.

Lakini nilikuwa nazungumzia ile Jumatatu aliyorudi. Nilifurahi kumwona anaingia na kumbi lake, nisiseme uwongo, nilifurahi sana. Nilikuwa nimeshinda tangu alfajiri nikiandika kwa chaki juu ya meza yangu vipimo vya masanduku ya kusafirishia mikebe, vipimo ishirini na nne. Nikatoka kwenda kunywa chai. Niliporudi meza ilikuwa inang'aa, na yeye alikuwa amekwisha hamia dirishani.

Nilimwangalia mgongo. Nikachukua chaki, nikaanza kupima upya.